Jumamosi Sita za Uhandisi wa Viwanda: Tathmini ya Mafunzo Niliyomlipia Binti Yetu Hapa Arusha

Nilimlipia binti wa kaka yangu shilingi 180,000 ahudhurie mafunzo ya Jumamosi sita ya maandalizi ya uhandisi wa viwanda, katika kituo kimoja cha mafunzo kilichopo upande wa Sakina hapa Arusha. Binti amemaliza kidato cha sita mwaka huu kwa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, anaishi na wazazi wake Moshi, na kila Ijumaa jioni alipanda Coaster kuja kulala kwangu ili asikose kipindi cha saa tatu asubuhi. Kituo huwaruhusu wazazi kukaa nyuma ya darasa siku ya kwanza na siku ya mwisho tu. Mimi niliomba nikae kila siku ambayo zamu yangu ingeniruhusu, wakanikubalia, na hivyo nilishuhudia Jumamosi nne kwa macho yangu, mbili zilizobaki nikasimuliwa na binti huku tukipitia daftari lake. Jina la kituo silitaji, kwa sababu malalamiko yangu nimeyapeleka kwao kwa maandishi na napenda wapate muda wa kuyafanyia kazi.

Inafaa msomaji ajue naandika nikiwa nimesimama wapi. Nina miaka 16 kiwandani. Nilianza kama kibarua wa kufunga katoni, nikawa mwendesha mashine, na sasa ni msimamizi wa zamu. Kwa muda mrefu sikujua kwamba mambo niliyokuwa nikiyahangaikia kila siku, yaani nani asimame wapi, mzigo upite njia ipi, kwa nini mashine nzuri inalala wakati wateja wanasubiri, yana wataalamu walioyasomea chuoni. Mhandisi mitambo ukimuuliza kuhusu mashine atakueleza inavyofanya kazi na namna ya kuitengeneza ikiharibika. Mhandisi wa viwanda atataka kujua kwa nini mashine hiyo hiyo, ikiwa nzima kabisa, imekaa saa mbili ikisubiri malighafi iliyoko stoo, hatua hamsini tu kutoka hapo. Kwa hiyo niliposikia kuna watu wanaowafundisha vijana jambo hili kabla hawajaingia chuoni, nilitoa fedha kwa moyo mweupe.

Na nafasi za kuifanya kazi hii katika mikoa yetu miwili zipo. Kusini mwa Moshi kuna kiwanda cha sukari cha TPC, na miwa, kama wajuavyo wakulima wake, ikishakatwa huanza kupoteza sukari, hivyo wakataji, matrekta na mitambo ya kusaga lazima viende kwa mpango mmoja: wakataji wakitangulia sana, miwa inaharibika ikingoja, na wakichelewa, kinu kinazunguka kitupu. Moshi huko huko kahawa hukobolewa na kupangwa kwa madaraja, Arusha kuna viwanda vya nguo, vyandarua, bia na transfoma za umeme, na mashamba ya maua pembezoni mwa mji yana saa chache tu kati ya kukata ua na kulipakia kwenye ndege. Hospitali nazo zimo. Njia za Kijapani za kupanga mahali pa kazi na kuboresha kidogo kidogo, ambazo wengi huzijua kwa jina la kaizen, zilianza kutumiwa katika hospitali ya rufaa ya Mbeya mwaka 2007 na baadaye zikasambazwa kwingine nchini. Mkufunzi aliyaeleza haya vizuri, ingawa alitumia muda mrefu mno kwenye viwanda vya magari vya ng'ambo ambavyo hakuna mwanafunzi wake atakayeviona hivi karibuni.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya historia, na nilikuwa nimejiandaa kuchoka, lakini sikuchoka. Badala ya kuorodhesha majina na miaka, mkufunzi alianza na matofali. Aliwaeleza vijana habari za Frank Gilbreth wa Marekani, aliyeanza maisha ya kazi kama mwanafunzi wa uashi, akaona kwamba mafundi waliomfundisha hawakujenga kwa namna moja, na hata fundi mmoja alibadili namna yake alipofanya haraka. Akachunguza kila mwondoko wa mkono na mgongo, akaweka matofali kwenye jukwaa la kimo kinachomwezesha mwashi asiiname, na miondoko ya kuweka tofali moja ikapungua kutoka 18 hadi kufikia 5 hivi. Mkewe, Lillian, aliyesomea saikolojia, ndiye aliyesisitiza kwamba uchovu na moyo wa mfanyakazi ni sehemu ya hesabu. Kisha mkufunzi akaingia upande wa pili wa historia hiyo, ambao wengi huuruka: mwaka 1911, katika karakana ya silaha ya serikali ya Marekani pale Watertown, Massachusetts, wafanyakazi wa kutengeneza kalibu za kumiminia chuma waligoma baada ya mtu mwenye saa ya kupimia muda kusimama juu ya mwenzao akimhesabia kazi, kwa mfumo uliotokana na mawazo ya Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani aliyetaka kila kazi ipimwe kwa saa. Akawaambia vijana kwamba kuanzia siku hiyo hakuna atakayebonyeza saa yake kabla ya kumsalimu fundi, kumweleza anapima nini na kwa nini, na kupata ruhusa yake. Nikiwa mtu niliyewahi kupimwa bila kuambiwa, niliona ada yangu imeanza kurudi.

Jumamosi ya pili na ya tatu ndizo roho ya mafunzo haya, na kama kituo kingefundisha siku hizo mbili peke yake bado ningewapeleka vijana. Wanafunzi 19 waligawanywa katika makundi, na kundi la binti yetu likapelekwa kwenye karakana ya seremala kule Unga Limited, mtaa ambao wakazi wa Arusha wanajua ulipata jina kutokana na kiwanda cha unga. Karakana hiyo hutengeneza milango na fremu. Nilifuatana nao. Binti alimwendea mwenye karakana, mzee wa makamo mwenye penseli sikioni, akasema, "Shikamoo fundi." Mzee akaitikia, akamwangalia na ile saa yake mkononi, akauliza, "Binti, umetumwa na TRA?" Alipoelezwa kwamba si mtu wa kodi, alicheka, akawaita vijana wake wote wasimamishe kazi wasikilize, na baada ya hapo hakuna aliyejificha wala kujitia kukazana kupita kawaida.

Kazi waliyopewa ilikuwa nyepesi kuieleza: mlango mmoja unachukua muda gani kutoka ubao unapokatwa hadi mteja anapouchukua? Fundi alijibu bila kusita kwamba ni siku moja na nusu. Vijana wakahesabu milango yote iliyokuwa mle ndani, ikiwemo iliyokatwa tu, iliyoegemezwa ukutani ikisubiri randa, iliyokuwa ikikauka vanishi na iliyokamilika, wakapata 24. Wakapitia daftari la mauzo, wakaona kwamba kwa wastani milango 4 hutoka kila siku ya kazi. Mkufunzi akawafundisha hapo hapo, wamesimama kwenye takataka za randa, kanuni ambayo mwanazuoni wa Marekani, John Little, alitoa uthibitisho wake mwaka 1961: wastani wa kazi zilizo ndani ni sawa na kasi ya kutoka ukizidisha na muda ambao kila kazi hukaa. Yaani ukigawa 24 kwa 4, kila mlango hukaa siku 6. Mzee alikataa katakata. Wakamwomba achague mlango wowote na kuangalia tarehe aliyopokea malipo ya awali. Akachagua mmoja, akakuta siku 7, akachagua mwingine, akakuta 5. Akanyamaza, akavuta kigoda akaketi.

Mahali kazi ilipokwama palikuwa wazi kwa aliyetulia kuangalia. Randa ya umeme ni moja, na wakataji wawili waliendelea kukata mbao mpya kila asubuhi, kwa bidii ya kweli, bila kujali rundo lililokuwa likingoja randa hiyo. Dakika zote ambazo mkono wa mtu uligusa mlango mmoja, ukizijumlisha, hazikufika saa saba. Zilizobaki zilikuwa za kungoja. Vijana wakapendekeza kwamba wakataji wasikate mlango mpya hadi rundo la randa lishuke kufikia milango mitano, na mmoja wao ahamie kwenye msasa. Kama milango iliyomo ndani ingepungua hadi 12 na kasi ya kutoka ikabaki 4, kila mlango ungekaa siku 3 tu, bila kununua mashine yoyote.

Hapo ndipo fundi alipotoa hoja ambayo sitaisahau, na ambayo haimo katika kitabu chochote nilichowahi kusoma. Alisema mteja aliyetoa malipo ya awali hupita siku inayofuata kuangalia, na akikuta mbao zake hazijaguswa hudhani fedha yake imeliwa, na hapo huanza kudai arudishiwe. Kukata mapema ni njia ya kumtuliza mteja. Mkufunzi, na ninamsifu sana kwa hili, hakumkatiza wala kuwaokoa wanafunzi. Aliwaacha wahangaike nayo hadi kijana mmoja akashauri mbao za kila mteja zipangwe pembeni na kuandikwa jina lake kwa chaki pamoja na tarehe ya kuanza kazi, ili aone mali yake ipo na zamu yake inajulikana. Mzee akasema atajaribu kwa wateja wawili kwanza. Mhandisi wa viwanda asiyejua kwamba ndani ya rundo la mbao kuna hofu ya mteja atachora mpango mzuri ambao hautatekelezwa hata siku moja, nami nimeona mipango ya namna hiyo ikibandikwa ukutani kiwandani hadi inageuka njano.

Jumamosi ya tatu walirudi na vipimo vya kupiga msasa vipande vya fremu, na hapa hesabu ilifundishwa kwa uangalifu. Wastani wa muda uliopimwa ulikuwa dakika 10 kwa kipande. Wanafunzi wengi waliharakisha kugawa dakika 480 za zamu ya saa 8 kwa 10, wakapata vipande 48. Mkufunzi akawaonyesha kwamba kijana aliyepimwa alikuwa akifanya kazi polepole kidogo, akamkadiria asilimia 90 ya mwendo wa kawaida, hivyo muda wa msingi ni dakika 9; lakini mtu hunyoosha mgongo, hunywa maji, hufuta vumbi machoni, na kwa kazi ya vumbi namna ile aliongeza asilimia 20, ikawa dakika 10.8. Zamu nzima ni vipande 44. Vile vipande 4 vya tofauti kati ya 48 na 44 ndivyo vinavyomfanya mtu mwaminifu aitwe mvivu mbele ya wenzake kila jioni, na nilifurahi kuona vijana wa miaka 19 wakilijua hilo kabla hawajapewa mamlaka juu ya mtu yeyote.

Kuanzia Jumamosi ya nne mafunzo yalishuka. Siku nzima ilitumika kwenye programu ya kompyuta ya kuchora mpangilio wa kiwanda, wanafunzi watatu wakigawana kompyuta moja, na binti aliniambia kwamba alishika kipanya kwa dakika zisizozidi ishirini. Programu si kitu kibaya, lakini kila kiwanda kina yake, na anayeanza kazi hufundishwa humo humo. Wakati huo huo hesabu ya foleni, ambayo ni moyo wa taaluma hii tangu mwanahisabati wa Denmark, A. K. Erlang, alipoichambua mwaka 1909 kwa ajili ya simu za Copenhagen, ilipewa dakika arobaini za Jumamosi ya tano, tena kwa kusomewa.

Naomba nieleze kwa nini jambo hili limeniuma. Chukua dirisha moja la malipo, hospitalini au benki, ambapo watu wanafika bila mpangilio na muda wa kuwahudumia nao hautabiriki. Dirisha likiwa na kazi kwa asilimia 80 ya muda wake, wastani wa watu walio hapo, pamoja na anayehudumiwa, ni 4. Likifika asilimia 90, ni 9. Likifika asilimia 95, ni 19. Mkuu wa idara anayejivunia kwamba mhudumu wake hapumziki hajui kwamba ndiye aliyeijenga foleni inayozunguka jengo. Hesabu yenyewe ni ya kugawanya tu: unachukua sehemu ya muda ambayo dirisha lina kazi, unaigawa kwa sehemu linayobaki bila kazi, 0.9 kwa 0.1, unapata 9. Mwanafunzi wa kidato cha sita angeielewa kwa robo saa na kuikumbuka maisha yake yote, iwapo tu angepewa nafasi ya kuihesabu kwa mkono wake. Hali kadhalika ile mada ya sekondari ya kuchora mistari ya mipaka kwenye grafu na kutafuta kona yenye faida kubwa zaidi, ambayo wengi huikariri kwa ajili ya mtihani na kuisahau, ndiyo mlango wa kazi ya mwanahisabati wa Marekani, George Dantzig, aliyebuni mwaka 1947 njia ya kutembea kutoka kona hadi kona hata vigezo vikiwa mamia. Mafunzo haya hayakuigusa kabisa. Kijana anaweza kutoka hapo akiamini kwamba uhandisi wa viwanda ni kupanga vitu vizuri na kubandika vibao, kisha akafika chuo kikuu na kukutana na takwimu, nadharia ya uwezekano na hesabu za maamuzi akiwa mikono mitupu.

Lalamiko la pili ni la ahadi. Kipeperushi kilisema kutakuwa na ziara katika viwanda viwili. Ilifanyika moja, na badala ya ile ya pili wanafunzi walionyeshwa filamu ukutani bila maelezo wala kurudishiwa sehemu ya ada. Kipeperushi kilisema pia kwamba watakaofanya vizuri wataunganishwa na nafasi za mafunzo kwa vitendo, na siku ya mwisho tulipouliza, tulipewa karatasi yenye majina ya viwanda ambayo mtu yeyote angeyapata kwa kuzunguka eneo la viwanda la Themi nusu siku. Mzazi anayetoka Moshi akalipa nauli ya kwenda na kurudi mara sita kwa sababu ya ahadi hiyo ana haki ya kuudhika. Chakula cha mchana kilikuwa kizuri, darasa lina hewa, na vyoo ni safi.

Kipindi cha mwongozo wa masomo, siku ya mwisho, kilirudisha imani yangu kwa kiasi. Mkufunzi alieleza wazi kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa shahada ya miaka minne ya uhandisi wa viwanda, na kwamba si lazima kila mtu aanzie hapo: aliyemaliza kidato cha nne anaweza kusoma stashahada ya uhandisi mitambo, kwa mfano katika Chuo cha Ufundi Arusha, kilichopo tangu 1978, akafanya kazi, kisha akaendelea na shahada akiwa tayari anaijua harufu ya kiwanda. Alieleza pia habari za Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na kwamba mwenye shahada husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, akahitaji miaka isiyopungua mitatu ya kazi chini ya uangalizi kabla ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Vijana wengi waliguna waliposikia hiyo miaka mitatu. Mimi ningependa waambiwe mapema zaidi, hata kidato cha tatu.

Ningeongeza mambo ambayo kituo hakikuyasema. Mwanafunzi anayesubiri kujiunga na chuo ajifunze Excel hadi aweze kuingiza vipimo mia mbili, akatafuta wastani na mtawanyiko wake na kuchora grafu bila kusaidiwa, kwani humo ndimo kazi nyingi za viwandani hufanyika. Ajizoeze kuandika ripoti ya ukurasa mmoja ambayo msimamizi mwenye haraka ataisoma akiwa amesimama. Na anapokwenda mafunzo kwa vitendo asikubali kuketi ofisini akipanga mafaili. Aombe zamu ya usiku walau wiki moja, maana usiku, wakubwa wakiwa wamelala, ndipo unapoona namna kiwanda kinavyoendeshwa kweli.

Je, ningelipa tena? Kwa Jumamosi tatu za mwanzo, ndiyo, hata kama ada yake ingekuwa 120,000 peke yake, kwa sababu sijaona mahali pengine hapa Arusha ambapo kijana anafundishwa kumheshimu anayempima. Kwa zile tatu za mwisho, kama zilivyo sasa, hapana. Kwa shilingi 60,000 zilizobaki ningemlipa mwalimu wa hisabati wa mtaani amfundishe takwimu kwa mwezi mzima. Nimewaandikia waandaaji nikipendekeza siku ya kompyuta iondolewe na nafasi yake ichukuliwe na foleni na grafu za mipaka, kwa daftari na penseli, na nimejitolea kuwapokea wanafunzi wao kwenye zamu yangu iwapo uongozi wa kiwanda utaridhia. Hawajajibu bado. Anayefikiria kujiandikisha kwa awamu ijayo aulize kabla ya kulipa ni viwanda gani vimethibitisha ziara, na aombe kuiona barua ya kukubaliwa.

Jumamosi iliyopita, mafunzo yakiwa yamekwisha, binti alikuja tena Arusha bila kuambiwa na mtu. "Baba mdogo," akaniambia, "nataka nikahesabu ile milango." Tukaenda Unga Limited. Mbao za wateja watatu zilikuwa zimepangwa pembeni zikiwa na majina ya chaki, randa ilikuwa na rundo la milango saba, si mitano tuliyoiomba, na mle ndani kwa jumla alihesabu 17.